Mahali Alipolala Honi

Tulimzika Chelangat Ijumaa, nyuma ya nyumba, mahali ambapo zamani palikuwa na mahindi na sasa pamejaa majani chai hadi karibu na ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo ulishika viatu, na vijana waliobeba jeneza waliteleza mara mbili watu wakashika midomo. Nilikaa mstari wa nyuma chini ya hema, pamoja na wamama wa kanisa lake. Waliposoma maisha yake, msomaji alifika mahali paliposema, "Wakati mmoja marehemu alisaidiwa na wahisani kupata mbwa wa kumwongoza, tunawashukuru sana," kisha akaendelea na majina ya wajukuu. Mama aliyekuwa kando yangu akaniinamia. "Huyo mbwa alikufa?" Nikamwambia hakufa, alichukuliwa. "Na nani?" Sikujibu, kwa sababu mhubiri alikuwa amesimama, na pia kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Ni hili ninaloandika sasa, nami si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la nane. Maandishi yangu mengi maishani yamekuwa orodha za vitu vya duka, na ripoti nne za mbwa. Moja ya hizo ripoti ndiyo iliyomwondoa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Niliishi Kabianga katika chumba kimoja nyuma ya hoteli nilikokuwa nikiosha vikombe na kupika chapati za wanafunzi. Juu ya barabara kulikuwa na boma la mradi wa mbwa. Wafadhili walikuwa ng'ambo, wengi wao wazee waliostaafu, watu wenye huruma, sitasema vingine. Walituma chakula katika magunia yenye picha ya mbwa akicheka, walituma kamba, walituma vikoti vya rangi ya machungwa vya kuvalisha mbwa wakiwa kazini. Kila mtoto wa mbwa alikuwa na familia moja huko ng'ambo iliyomdhamini, na familia hiyo ndiyo iliyompa jina. Sisi wa huku tulikuwa wa kujitolea. Ulipewa mtoto wa mbwa ukae naye mwaka mzima, umzoeshe watu, lori za majani chai, kengele ya shule, nyimbo za kanisa, na zaidi ya yote umfundishe kupita kando ya kuku bila kugeuza kichwa. Wangu alikuja akiwa mdogo kama mkate, manjano yote, jina lake Honi. Alilala kwenye kitanda changu ingawa tulikatazwa. Alikula ndala zangu mbili, zote za mguu wa kushoto. Alipomaliza mwaka akarudi bomani kufundishwa kazi yenyewe ya kuongoza kipofu, na aliporudi tena mikononi mwangu alikuwa mtu mzima kuliko mimi.

Mratibu wetu alikuwa Sigei, ambaye tulimwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha. Ndiye aliyeniambia Honi anakwenda Silibwet kwa mama mmoja aliyepofuka, na kwamba kwa mwaka wa kwanza nitakuwa nawatembelea kila wiki na kujaza fomu kila mwezi, kwa sababu mbwa ananijua. Huyo mama alikuwa Chelangat. Alinizidi miaka mitano tu. Ugonjwa ulimshika kichwa, akalala wiki nyingi, akaamka haoni. Mume alikuwa amekwenda kutafuta kazi Naivasha, na siku hizo hata salamu zake zilikuwa zimekatika. Chelangat alibaki kwenye boma la mama mkwe wake pamoja na binti yake Faith, wa miaka sita. Mama mkwe tulimwita Kogo, maana yake nyanya, kama Faith alivyomwita.

Siku tuliyompeleka Honi, Kogo alitupokea vizuri. Alitupikia ugali na kuku, akamimina mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu kirefu alichokuwa ameking'arisha kwa mafuta, akatuombea. Alipomaliza kuomba akamtazama Honi, aliyelala chini ya kiti cha Chelangat amevaa kikoti chake. "Anaitwa nani?" Mwalimu akamwambia, na akamweleza kwamba kwa Kiingereza ni asali. Kogo akacheka hadi akafuta macho. "Asali ya kuuma? Haya. Na anakula nini hii asali? Ama anataka chai na mkate?" Mwalimu akamwonyesha gunia. Kogo akazungusha gunia akaangalia ile picha. "Mbwa ana chakula chake cha dukani na koti yake. Chelangat, wewe umeolewa tena, na safari hii umepata tajiri." Chelangat alicheka pia. Mkono wake ulikuwa umeshuka chini ya kiti, unatafuta sikio la Honi, na ulipolipata haukutoka hapo mpaka tulipoondoka.

Nataka niseme wazi kwamba mbwa alimsaidia. Miaka hii nimesikia watu wakisema mambo ya wazungu na mbwa wao kwa dharau, na mimi sina dharau hiyo. Kabla ya Honi, Chelangat alikuwa mtu wa kukaa kwenye kigoda mlangoni akisikiliza nani anapita. Baada ya miezi miwili alikuwa anachuma majani yake mwenyewe. Alichuma kwa vidole, majani mawili na chipukizi, polepole kuliko wengine lakini safi, na Honi alimngoja mwisho wa mstari kama amepandwa pale. Kisha alibeba kikapu mgongoni, akashika mshikio mgumu wa chuma uliofungwa kwenye mwili wa mbwa, wakapanda barabara ya mawe hadi kituo cha kununulia majani. Nilikuwa nao siku ya kwanza. Wamama waliokuwa wanachambua majani yao juu ya meza wakaacha kazi wakageuka wote. Halafu mmoja akasema, "Mama Faith, huyu ameajiriwa? Ana likizo kweli?" Mwingine akasema, "Muulize kama huko kwao wanaandika watu. Mimi niko tayari kuvaa hiyo koti." Chelangat akatua kikapu. "Ameajiriwa, na hachelewi kama wewe. Kila siku nasikia karani akifunga mizani ndio unafika unapumua." Wakacheka mpaka karani akatoka kuangalia. Nilisimama kando nikifikiri kwamba sijawahi kufanya kitu kizuri kuliko hiki maishani. Sasa nikiangalia nyuma naona bado ni kweli, na ndiyo maana kinauma.

Tatizo lilikuwa mahali pa kulala. Kanuni ya mradi ilisema mbwa wa kazi analala ndani, karibu na mwenyewe. Nyumba ya Chelangat ilikuwa chumba kimoja, na kwenye ukuta wa upande wa kitanda kulikuwa na rafu ya vibuyu. Ng'ombe wawili wa boma lile walikamuliwa na Kogo, naye ndiye aliyesafisha vibuyu kwa mkaa wa mti na kuvijaza, lakini aliviweka kwa Chelangat kwa sababu jikoni mwake mlikuwa na moto na moshi mwingi, maziwa yangeharibika. Kogo alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Mbwa na maziwa hawalali chini ya paa moja. "Mgeni akija nimpe nini? Nimwambie kunywa, mbwa alikuwa anapumulia hapo?" Hakupiga kelele. Jioni ya kwanza kabisa alimtoa Honi kwa upole, akamtandikia nyasi kavu kwenye banda la ndama, akampelekea maziwa kwenye karai, na asubuhi akamrudisha mlangoni kwa Chelangat. Honi hakulalamika. Ndama alimzoea akawa anamlamba mgongo.

Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Ilikuja kwa Kiingereza na Mwalimu alikuwa ametutafsiria. Mbwa anakula mara ngapi. Uzito unaonekanaje. Masikio. Kucha. Kinyesi. Ameguswa na watoto kwa ukali? Analala wapi? Miezi mitatu ya kwanza sikujaza hapo pa kulala, niliruka tu. Mwezi wa nne Mwalimu akanirudishia karatasi, akasema usiache nafasi wazi, huko ng'ambo wanasoma kila mstari. Nikaenda nayo chumbani kwangu. Nakumbuka kalamu ilikuwa inakatika wino nikawa naipumulia. Nikaandika: Analala kwenye banda la ndama kwa sababu ndani kuna vibuyu vya maziwa na mama wa nyumbani hapendi. Tunaomba msaada.

Hayo maneno mawili ya mwisho nimeyafikiria kwa miaka mingi. Wanaosema niliandika kwa ujinga wako sawa, lakini haukuwa ujinga wa kutojua kanuni. Kwetu mtu akiwa na neno gumu ndani ya boma, hulitoa mbele ya watu. Akishalitoa, watu wanakuja. Wanakuja wazee wawili, mchungaji, na shangazi mmoja mwenye ulimi mtamu, wanakaa, wananywa chai, wanazungumza mvua na ng'ombe hadi alasiri, na mwisho wanagusia lile jambo kwa mbali, wanaondoka, wanarudi tena wiki ijayo. Hakuna mtu anayechukua kitu siku hiyo. Neno likishatolewa mbele ya watu linakuwa mzigo wa watu wote. Mimi nilidhani fomu ni hivyo. Nilidhani nikiiandika shida hapo, kuna watu wataisoma na kusema, hebu tutafute mtu wa kwenda kuketi na yule mama. Nilidhani watamtuma Mwalimu. Na Kogo mwenyewe alikuwa ameanza kulegea. Mwezi huohuo aliniambia, akiwa anapepeta maharagwe, "Tukimaliza kuvuna nitamwongezea Chelangat kachumba hapo ubavuni. Vibuyu vitahamia huko, na asali yenu ilale kwa kitanda ikitaka." Miti ilikuwa imeshakatwa. Nimeiona kwa macho yangu, imelazwa kando ya choo, minane.

Mwalimu aliniita bomani baada ya wiki tatu. Mezani kulikuwa na karatasi aliyoichapisha, na alikuwa hajanywa chai yake, imeshika utando juu. "Emmy," akasema, "kwa nini uliandika hivi?"

"Fomu iliuliza, Mwalimu."

"Fomu huuliza. Wewe ni mtoto? Yule kipofu mwingine tuliyempa mbwa, Kiprotich, wake analala wapi?"

"Nje. Chini ya ghala."

"Na yule wa Longisa?"

"Nje pia."

"Na fomu zao zinasema nini?"

Akaipindua karatasi ili niisome, ingawa ilikuwa Kiingereza, kisha akanisomea yeye kwa Kiswahili, sauti chini. Familia iliyomdhamini Honi ilikuwa imehuzunika sana. Walikuwa wameona picha zake akiwa mdogo. Hawakuweza kuvumilia kufikiri kwamba yuko kwenye banda la mifugo. Walishukuru kwa ukweli wa mtu aliyejaza fomu. Waliomba mbwa aondolewe mara moja na apewe mtu mwenye mazingira yanayofaa. Nikamwambia Mwalimu kwamba kuna miti imekatwa, kachumba kanajengwa, waambie wangoje mwezi mmoja. Akasema, "Nimewaambia. Wamesema mwezi mmoja ni mrefu kwa mbwa." Akainua kikombe, akakiweka tena bila kunywa. "Ungeandika neno moja tu. Ndani. Basi. Mimi ningeenda kuketi na yule mama polepole, na hakuna mtu ng'ambo angekosa usingizi."

Nilimwomba nikamwambie Chelangat mimi mwenyewe, akanikubalia. Nilikwenda siku moja kabla. Nilimkuta anasuka nywele za Faith mlangoni, Honi amelala katikati ya miguu yao. Nilimwambia yote, na kwamba ni mimi. Alimaliza kwanza msuko aliokuwa ameushika. "Isome," akasema. "Uliandika vipi?" Nikamwambia maneno yale kama yalivyo, nayakumbuka hadi leo. Akayasikiliza. "Hakuna uongo hapo," akasema. Nikangoja aseme kitu kingine, anitukane hata. Akamwambia Faith aende akalete kitana kidogo, na alipokwenda akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hao watu wamewahi kufumba macho wakatembea mpaka chooni?"

Kesho yake gari lilikuja mchana. Mwalimu alikuja na msichana mmoja mzungu wa kujitolea, mdogo, ambaye alikuwa amelia njiani na pua yake ilikuwa nyekundu. Alitaka kumkumbatia Chelangat lakini Chelangat alikuwa amekaa kwenye kigoda na hakuinuka. Mimi ndiye niliyeambiwa nimtoe Honi kwa kuwa angenifuata. Kogo alisimama kati yangu na gari. Alikuwa ameshika kofia ya Mwalimu, sijui aliichukuaje. "Nyinyi ni watu wa kanisa," akasema. "Mtu akikosea si anaambiwa? Mlikuja hapa mkala kuku wangu. Kwa nini hamkuniambia? Ningevunja hivyo vibuyu vyote. Mnasikia? Ningevivunja." Mwalimu akasema, "Mama, si mimi." "Ni nani basi? Mlete hapa nimpikie, tuongee." Hakukuwa na wa kumleta. Msichana mzungu akauliza mama anasema nini, na hakuna aliyemtafsiria. Nikamwita Honi. Alikuja mara moja, kwa sababu nilimfundisha vizuri. Alipanda gari akakaa, akamtazama Chelangat kupitia kioo kama mtu anayengoja mwenzake afunge mlango.

Honi alipewa mtu wa Nairobi. Tulitumiwa picha, amelala juu ya zulia. Sina neno na huyo mtu, naye alikuwa na shida yake, na naamini alimpenda. Mimi niliacha kujitolea mwezi huo. Niliendelea kwenda Silibwet mara kwa mara, kisha mara mojamoja, kisha nikaolewa upande wa Kericho na nikawa napiga simu wakati wa Krismasi. Kachumba kale hakakujengwa, ile miti iliishia kuwa kuni. Chelangat hakuwahi kunilaumu. Hilo watu hudhani ni faraja. Mradi nao ulifungwa baada ya miaka michache, wafadhili walizeeka wengine wakafa, na boma lile sasa ni nyumba za kupangisha wanafunzi.

Baada ya mazishi nilibaki kusaidia kuosha vyombo. Faith ni mama wa watoto watatu sasa, ana mikono ya mama yake, mirefu. Tulikuwa wawili kwenye karai kubwa nyuma ya jikoni, wengine wamekwenda kurudisha viti vya kanisa, nikaona sitapata nafasi nyingine. Nikamwambia kuna jambo. Nikamwambia kwamba ripoti iliyomwondoa Honi niliiandika mimi.

"Najua, anti," akasema. "Mama aliniambia nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nimekataa kumpeleka kwenye majani, nikamwambia niache nisome mtihani kama wenzangu. Ndio akaniambia." Akasugua sufuria akaigeuza. "Unajua kazi ya huyo mbwa alipewa nani?"

Nilijua. Nilikuwa nimeiona kila mara nilipokuja, mtoto na sare yake ya shule saa nne asubuhi, anapanda ile barabara ya mawe na mkono wa mama yake begani. Nilikuwa nikijiambia ni siku moja moja.

"Sikusemi vibaya," Faith akasema. "Ulisema ukweli. Mimi nauliza tu. Wewe ulikuwa unakuja kila wiki na hiyo fomu. Uliangalia masikio ya mbwa, uliangalia kucha. Mimi mwaka huo nilikuwa nalala wapi?"

"Jikoni kwa Kogo," nikasema. "Chini, kwa gunia. Karibu na moto."

"Uliona?"

"Niliona. Hata nguo yako iliungua pindo."

"Uliandika?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji na sikuitoa. Nilimwambia kama ilivyokuwa, kwamba kwenye zile kurasa mbili hapakuwa na swali hilo.